Boti ya Mradi

Watu wa mtaa wetu hapa Mwanza wana tabia moja: wakikuona umeinama, wanasimama. Ukiinama na msasa mkononi, wanatafuta pa kukaa.

Boti yenyewe ni ya alumini, niliinunua kwenye mnada wa mali za mradi mmoja uliokwisha zamani. Ilikuwa ya bluu. Siku hizi ukiiegemea, bluu unaondoka nayo kwenye suruali, boti inabaki na rangi isiyo na jina. Ni jua. Linakula ile gundi inayoshika rangi, kinachobaki juu ni unga mtupu. Na sisi tuko jirani na Ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Jua la hapa halichoki njiani.

Sasa washauri. Mmoja kasema sugua kwa stilwaya. Nyuzi zake zinakatikia kwenye alumini, zinaota kutu, unapata boti yenye madoa mekundu. Mwingine, fundi wa sabuni, kaniletea kostiki soda kwa moyo safi kabisa. Hiyo haichagui: ikimaliza rangi inaendelea na boti. Wa tatu anataka nipake mafuta ya kupikia, eti itang'aa. Itang'aa mpaka saa nane mchana, halafu vumbi lote la barabarani lihamie kwangu. Wenye mizani ya chuma chakavu angalau hawazunguki: "Kaka, hiyo kilo ngapi?" Wao wameshaiona sufuria.

Rangi iliyopauka tu huwa inaoshwa kwa sabuni, inasuguliwa kwa polishi ya magari, inapakwa nta, basi. Yangu ni nyembamba. Ukiigusa unakutana na bati. Kwa hiyo ni msasa, praima, ndipo rangi. Na alumini ina kiburi chake. Ukiikwangua tu, hewa inaivalisha ngozi nyingine isiyoonekana, na rangi haipendi kukaa juu ya ngozi hiyo. Lazima praima ipakwe siku ileile. Siku ileile! Yaani siku hiyo mvua isinyeshe, mgeni asije, na mtaa wa pili asifiwe mtu. Nani anapanga mambo hivyo katika nchi hii? Unarudi msibani, unashika msasa upya.

Dukani nimeomba praima ya alumini. Muuzaji kanitazama kwa huruma. "Praima ni praima, bosi," akanitolea ya kupaka mageti. Nikamwonyesha maandishi kwenye kopo. Akaligeuza upande usio na maandishi.

Hayo yote ningeyavumilia. Kinachoninyima usingizi ni herufi. Ubavuni kulikuwa na jina la mradi, la kubandika, kubwa, nikalibandua kwa furaha. Kumbe pale chini jua halijawahi kufika. Bluu imekaa mpya, imeiva, kila herufi na nukta yake. Boti nzima imepauka, jina ndilo linalowaka. Linasomeka toka kwa wauza dagaa ng'ambo ya barabara.

Na wamelisoma. Dada mmoja kaniuliza semina zinaanza lini. Mwingine anataka kujua kama safari hii kuna soda au ni maji tu. Halafu kuna mzee anayekuja na kiti chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmerudi?"

"Hatujarudi mzee, mimi nimenunua boti tu."

"Naam. Hata wale wa mwanzo walikuwa hawapendi kujitangaza."

Nikamwambia mradi ulikufa. Akaitikia kwa kichwa, akauliza posho ni ileile au imepanda. Kuna nauli ya semina ya mwisho hajalipwa, anaikumbuka mpaka senti. Mimi nikazidisha msasa, nikianzia herufi za mbele. Akaona nakarabati ofisi.

Jana kaja na karatasi ya kikundi: majina, namba za simu, muhuri wa mtendaji. Wameshafanya na uchaguzi. Nimeisoma yote nikiwa nimesimama juani, praima inakauka kwenye brashi. Mwenyekiti ni yeye. Mweka hazina ni mimi, na kiingilio changu sijalipa.