Bahari Iliondoka, Mimi Nikabaki

Ieleweke mapema: Jumapili iliyopita pale Jambiani sikuzama, sikupinduka wala sikupotea njia. Nilikuwa nimekaa ndani ya ngalawa yangu, kana ya usukani mkononi, tanga limetwekwa, omo imeelekea mwambani. Bahari ndiyo iliyoondoka. Iliondoka yote, ikaniacha juu ya mchanga mbele ya kijiji kizima, nimevaa jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa na kofia niliyoinunua makusudi kwa ajili ya siku hiyo.

Mpaka leo nikienda dukani, mwenye duka ananipimia sukari huku akiniuliza, "Bosi, maji yamesharudi?" Watu wote waliopo pale hugeuka kuniangalia. Kwa hiyo wewe uliyenunua chombo juzi, ambaye bado unakwenda kila jioni kukipapasa na kukipiga picha, kaa hapa nikwambie, maana mimi sikuambiwa na mtu.

Wa kwanza kunifikia walikuwa akina mama wa mwani. Walikuja kwa miguu, madira yamepandishwa mpaka magotini, vijiti na mafungu ya kamba vichwani. Hebu fikiria: mimi nimetoa pesa ya kununulia pikipiki iliyochoka ili nifike pale, wao wamefika kwa ndala.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykumu salaam."

"Unauza nini, baba?"

Nikasema siuzi kitu, nasubiri upepo. Wakatazamana. Mmoja wao, mtu mzima, akalitazama tanga langu, akatazama chini ya ngalawa palipokuwa na kaa mdogo anakimbia, akasema kwa upole kabisa, "Upepo upo, mwanangu." Halafu akavua ndala zake, akazifunga pamoja na simu yake kwenye mfuko wa plastiki, akaniwekea ndani ya ngalawa. "Niangalizie. Wewe huendi popote." Wenzake wakaona ni fikra nzuri. Haikupita muda ngalawa yangu ikawa na ndala za wanawake wa mtaa mzima, chupa ya chai, mikate miwili ya ufuta na mwavuli. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikiwa nahodha.

Kisha wakaja watoto na mpira. Mchanga ule ukipwa huwa mgumu na tambarare, hakuna uwanja mzuri kuliko huo Unguja nzima. Walikuwa na fimbo moja ya goli, wakahitaji ya pili. Tengo langu la mbele likafaa. Kipa wao, kijana wa umri wa darasa la nne hivi, alinitaka radhi kila mpira ulipogonga ngalawa, na nasema kweli, siku ile hakuna mwingine aliyeniomba radhi kwa lolote.

Papasi mmoja, kijana wa kutembeza watalii, naye alikuwa na wageni wake wawili, anawapeleka mwambani kuona viumbe wa kwenye vidimbwi. Akawasimamisha mbele yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha kasi lakini nilikielewa vya kutosha: huyu ni mvuvi wa asili, anafanya kama walivyofanya babu zake, anakaa na kuingoja bahari. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima, wakapiga picha. Walipomaliza, papasi akapewa noti. Mimi nilipewa mkono.

Utauliza kwa nini sikushuka nikaenda zangu. Swali zuri, na mke wangu ameliuliza zaidi ya mara moja. Kwanza, kushuka ni kukiri. Aliyekaa chomboni bado anaweza kuwa na sababu zake. Pili, kati yangu na nchi kavu palikuwa na vidimbwi vyenye wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, nami viatu niliviacha nyumbani kwa kuwa mabaharia hawavai viatu. Tatu, nilishakabidhiwa ndala za watu.

Sasa nikueleze maji yanavyokwenda, maana tangu Jumapili nimekuwa nikiyafikiria mpaka usingizi unanipaa.

Mwezi huyavuta maji ya bahari. Hilo tulifundishwa shuleni, tukalijibu kwenye mtihani, tukalisahau. Ila kuna jambo tamu zaidi: jua nalo huvuta, kwa nguvu ndogo kuliko mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja, mivuto hiyo miwili ikajumlishwa, na siku hizo pamoja na mbili tatu zinazofuata huwa ni bamvu. Maji hupanda sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, ndipo tunapata maji mafu: bahari inasitasita palepale, haijai sawasawa wala haipwi sawasawa. Hapa Unguja, bamvu likiwa kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Ni kina cha kumzamisha mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake, na kinaondoka na kurudi mara mbili kila siku, bila honi.

Na tena kila siku huchelewa. Mwezi hausimami kutungoja, kwa hiyo kujaa kwa leo huja kama dakika 50 baada ya kujaa kwa jana. Ndiyo maana mtu aliyekwenda baharini Jumapili moja saa fulani akayakuta maji tele, akirudi Jumapili ya pili saa ileile hukuta uwanja wa mpira. Lakini, na hapa ndipo nilipokaa kitandani nikamwamsha mke wangu, siku za bamvu zina saa zao ambazo karibu hazibadiliki mwaka mzima! Kwa kuwa bamvu huja mwezi ukiwa umejipanga vilevile na jua, basi hapa kwetu maji ya bamvu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume chake. Mke wangu alisema amelijua hilo tangu utotoni, akageukia ukutani.

Kuna na la mwendo. Maji hayatoki kwa kasi moja. Yagawe mafungu 12. Saa ya kwanza baada ya kujaa hutoka fungu 1, saa ya pili mafungu 2, ya tatu mafungu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni hesabu ya kukadiria tu, mabaharia wa nchi nyingi huitumia, lakini iangalie vizuri: saa ya tatu na ya nne peke yake nusu ya maji yote yamekwenda. Sasa weka Jambiani siku ya bamvu. Maji yamejaa saa kumi alfajiri. Saa ya tatu na ya nne ni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi. Mimi niliisukuma ngalawa saa kumi na mbili na nusu, jua linachomoza, nimejaa furaha. Bamvu likiwa la mita 4, wakati huo maji hushuka zaidi ya sentimita moja na nusu kila dakika. Nilisimama kunywa kikombe cha chai, zikaenda sentimita kumi. Nilirekebisha kofia, ikaenda nyingine. Kipwa cha pwani ya mashariki ni kipana na kina chake ni kifupi, hakihitaji maji mengi yaondoke ili kikauke. Saa mbili kamili ngalawa ilikohoa mara moja chini, ikalala upande, ikatulia.

Jioni nilimwendea mzee aliyeniuzia. Huyu mzee alinikalisha kutwa nzima akinifundisha. Alinionyesha namna ya kukaza henza na kulegeza demani. Alinieleza kwa nini gogo la mwembe linafaa kwa ngalawa, na jinsi ya kuipiga moto chini kwa makuti makavu ili kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha kuipaka mafuta ya papa. Alinifundisha kuivusha foromali upande wa pili wa mlingoti unapogeuza, kazi ambayo inataka watu wawili na moyo wa chuma. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Mbona hukuniambia habari za maji?"

"Marahaba, mwanangu. Uliniuliza habari za ngalawa. Za maji hukuniuliza."

Basi wewe uliza. Na usitegemee kalenda ya simu, haijui lolote. Tafuta ile kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Ikiwa mwezi mosi au mwezi 15, jua kwamba bamvu limeingia au linaingia. Ikiwa mwezi 8 au 22, yanakaribia mafu. Na ukikosa kalenda, iko dalili moja isiyokosea: akina mama wa mwani hufanya kazi bamvu, maji yanapokupwa kabisa, maana ndipo mashamba yao yanapofikika kwa miguu. Ukiwaona wanateremka na vijiti vyao, wewe panda juu.

Wale wa Jumapili walirudi saa sita, wakachukua ndala zao, wakashukuru. Mmoja aliyekuwa amefika mpaka mwambani alikuwa amening'iniza pweza wawili kwenye fimbo. Ndoo yangu ilikuwa na mwavuli wa mtu aliyesahau. Maji yalinifikia saa saba na kitu.

Mengine ni madogo. Nanga ifungwe kwenye kamba kwanza ndipo itupwe; yangu ilizama vizuri sana, kamba ikabaki mkononi. Shemeji akitaka kutapika, mwelekeze upande wa demani, si upande wa goshini. Kopo la kufulia maji lifunge, nalo lina tabia ya kuelea na kwenda zake siku unayolihitaji. Watu watakwambia ngalawa yenye matengo mawili haipinduki, hupinduka.

Ila liko moja ambalo mzee hakuweza kunifundisha hata ningemuuliza, nalo ni pahali pa kuiweka. Diko la zamani, zilikokuwa zinalala ngalawa na mitumbwi ya kijiji, sasa liko mbele ya hoteli. Nilipoivuta ngalawa yangu pale siku ya kwanza, mlinzi akaja mbio.

"Kaka, hapa haiwezekani. Wageni wamelipia kuiona bahari."

"Na ngalawa si ya baharini?"

"Hii inanuka."

Ni kweli, inanuka mafuta ya papa. Lakini ndani ya baa ya hoteli hiyohiyo, nyuma ya kaunta, kuna ngalawa iliyokatwa nusu, imesimamishwa wima, imetiwa rafu, imepangwa chupa. Imepakwa vanishi. Ngalawa iliyokufa imepata nafasi ufukweni, tena kivulini, na iliyo hai inafukuzwa. Ufuko ni wa watu wote, hilo husemwa kila mkutano na kila mtu hupiga makofi. Lakini kuufikia ni lazima upite kichochoro kilichobaki kati ya ukuta na ukuta, na upana wake ni baiskeli moja na mtu mwembamba. Wavuvi wanapita hapo na samaki, makasia na nyavu, wanapishana kwa ubavu. Mlingoti haukunjiki.

Mlinzi mwenyewe ni kijana wa hapahapa. Baba yake alikuwa akifunga mtumbwi papo hapo aliposimama kunizuia. Anajua kwamba ninajua. Alipokuwa akiniambia nisogee alikuwa anaangalia redio yake ya mkononi, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu yeye ana mshahara na mimi nina ngalawa.

Mwishowe Bi mkubwa mmoja mwenye kiwanja cha mwisho upande wa kusini, asiyetaka kuuza licha ya magari yanayosimama mlangoni kwake kila mwezi, aliniruhusu niifunge kwenye mnazi wake. Pesa hataki. Sharti lake ni samaki kila ninapotoka baharini, ada ya zamani, na sikuona aibu kukubali. Kwa hiyo kila nikirudi napitia mnadani kwanza, nanunua changu wawili wa maana, nampelekea. Juzi alinipokea vizuri kama kawaida, akawageuza geuza, akaniomba kitu kimoja tu: nisiwe nawapara kabla ya kuwaleta, anapenda kupara mwenyewe.