Chuo Nacho Kina Mawinga

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, kijiwe chetu cha Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, husahau Simba na Yanga kwa wiki nzima. Kila mtu anakuwa na mtoto. Asiye na mtoto ana mpwa, ana mtoto wa shemeji, ana binti wa mwenye nyumba, na pointi za binti huyo anazijua kuliko anavyojua deni lake la kahawa.

Safari hii aliyetuanzishia ni mama mmoja wa vitenge. Kavuta kreti tupu la soda, kakaa, simu mkononi, hajaagiza hata tangawizi. Binti yake kasoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kapata tuu ya kumi na mbili, daraja la pili. Sasa kuna kijana, anasema, yuko "kule kule ndani", ameahidi kumwingiza kwenye udaktari, chuo cha Serikali. Laki nane. Nusu kashatoa.

Msyuuu! Huo ulikuwa msonyo wa mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu akisonya, muuza kahawa husimamisha kumimina.

"Mama, tuu ya kumi na mbili ya PCB, sifa za kuomba anazo. Kupata ni ushindani. Sasa huyo kijana anakuuzia nini?"

"Nafasi, mwalimu."

"Nafasi iko mfukoni mwake?"

Aliyemjibu ni dogo wa simu, winga wa Mtaa wa Aggrey, mtoto anayejua kazi. "Anti, umepigwa na winga mwenzangu. Mimi hapa sina duka, sina mzigo, nina mdomo. Mteja akija anataka simu namwambia ninazo, namzungusha, naingia kwa mwenye duka, naweka cha juu changu. Lakini mimi mwisho wa siku simu unaondoka nayo! Huyo wako anakusanya watu thelathini, hafanyi kitu, anakaa anasubiri majina. Wakitoka kumi kwa pointi zao wenyewe, anawapigia: umeona kazi yangu? Waliokosa anawaambia wasubiri awamu ya pili. Ikipita ya pili, namba haipatikani."

Watu wakacheka, mama hakucheka. Nami nilikuwa nataka kucheka nikajizuia, maana ujanja huu ni mtamu kwa wasioumizwa nao. Fikiria: mtoto kafaulu mwenyewe, kachaguliwa na mfumo kwa pointi zake, halafu mzazi anamshukuru tapeli na kumtumia ya shukrani juu. Hapo hakuna hata rushwa, kwa sababu hakuna ofisa aliyepokea. Kilichouzwa ni imani yetu kwamba hapa mjini hakuna kitu kinachopatikana bila mtu. Na wanunuzi wa imani hiyo Kariakoo wamejaa, kwa sababu hata kupata fremu, hata kuunganishiwa umeme, wameshazoea kuuliza "nimwone nani?"

Kuna baya zaidi. Wengi wanaombewa vyuo kwenye vibanda vya stesheneri, na jamaa wa kibanda anajaza namba yake ya simu, si ya mtoto. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya siri ya kuthibitisha anakwenda wapi. Namba hiyo inaangukia simu ya jamaa. Ukiitaka, unaongea naye vizuri.

Mwalimu akaanza darasa, hatukuwa na namna. Zamani kila chuo kilikuwa na foleni yake, mtu mmoja ameshika nafasi tatu na mwenzake hana hata moja. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ikaleta udahili wa pamoja, maombi yote yakapita kwenye mfumo mmoja. Mwaka 2017 ukaondolewa, waombaji wakarudi kuomba moja kwa moja vyuoni na TCU ikabaki kuhakiki. Matokeo yenyewe Baraza la Mitihani linayaanika mtandaoni, namba ya mtihani na alama zake, mtu yeyote anaona. Principo mbili zenye pointi nne ndiyo sakafu. Chini ya hapo, shahada huiingii kwa mlango wa kidato cha sita.

"Kwa hiyo getini pako safi?" akauliza fundi saa.

"Pana komeo. Sikusema pasafi."

Akatukumbusha 2016. Mwezi Mei mwaka ule iligundulika wanafunzi 489 wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Joseph walikuwa wanasoma shahada bila sifa, na mikopo ya Serikali wanapewa. Mwenyekiti wa TCU uteuzi wake ukatenguliwa, Katibu Mtendaji akasimamishwa. Siku chache baadaye wakaondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma wanafunzi zaidi ya elfu saba wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, wakapewa saa chache kufungasha, masanduku yamejaa stendi. Na Juni 2, Rais Magufuli alipokwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya, likatoka lile neno lililoshika nchi nzima: vilaza.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana tulilicheka sana neno lile, hapa hapa kijiweni. Yule kijana wa Dodoma hakuruka ukuta usiku. Programu ile ilianzishwa na Serikali yenyewe mwaka wa masomo 2014/15, kwa sababu shule hazikuwa na walimu wa Hisabati na Fizikia. Alitangaziwa, akaomba, akapewa barua yenye mhuri, akapewa mkopo. Walipokuja kuchujwa, wengi wakaonekana wanafaa, wakapangiwa vyuo vya ualimu waendelee. Lakini kilaza ameshaitwa, mtaani kwao wamesikia. Na wale wa Mtakatifu Joseph, nani aliwapokea? Chuo. Nani alikuwa na kazi ya kukikagua chuo? Tume. Nani aliwalipia? Bodi ya Mikopo. Ofisi tatu zina watu wazima wenye miwani, na jina la matusi kaondoka nalo mtoto aliyetokea kidato cha nne.

"Mwaka wa kwanza kabisa chuo cha Mlimani kilikuwa na wanafunzi wangapi?" dogo akauliza ghafla, anapenda kumchokoza mwalimu.

"Oktoba 25, 1961, hapo Lumumba, jengo la TANU. Ukitoka hapa kwa miguu kahawa haijapoa. Kitivo kimoja cha sheria. Wanafunzi hawakufika ishirini."

"Hawakufika ishirini? Hiyo timu na wachezaji wake wa akiba."

"Na kila mmoja alijulikana kwa jina na kwao. Mwanafunzi hewa ungemweka kiti gani?"

Sasa kwa kuwa hewa imetajwa, fundi saa akaleta habari ya Nigeria, anaipenda, kila mwaka lazima aisimulie. Wenzetu wale mtihani wa kuingia chuo unasimamiwa na bodi moja inaitwa JAMB, na zamani waombaji waliuziwa kadi za kukwangua. Mwaka 2018 wakaguzi walikwenda ofisi ya Makurdi kuhesabu hela za kadi, naira milioni 36 hazionekani. Karani akaeleza kwamba nyoka aliingia akazimeza.

Kijiwe kilikufa. Muuza kahawa, ambaye ameisikia hadithi ile miaka yote, alilazimika kuweka birika chini. Nyoka gani wa hesabu kali vile, hakuacha hata chenji?

Ila fundi saa huwa anaishia kwenye nyoka, na utamu wenyewe uko mbele. Bodi ile ilikuwa imeshaondoa kadi na kuhamia malipo ya mtandao, na mwaka 2017 peke yake ikapeleka hazina ya Nigeria zaidi ya naira bilioni 5, fedha ambazo miaka ya nyuma hazikuwa zinaonekana. Watahiniwa ni wale wale, mtihani ule ule. Kumbe nyoka alikuwa na matumbo mengi na wala hakuanzia Makurdi.

Mama ntilie alikuwa anakusanya sahani. Kwa kawaida haingilii. "Mnacheka laki nane," akasema, "laki nane ina muamala, mtu anaweza kwenda nayo polisi. Kuna watoto wanadaiwa kitu kisicho na risiti."

Wanaume tukaangalia vikombe.

Si siri. Novemba 2018 Rais yule yule alirudi Mlimani kuifungua maktaba ile ile aliyoiwekea jiwe, na siku hizo mhadhiri wa sanaa, Dk. Vicensia Shule, akaandika Twitter kwamba rushwa ya ngono inakitesa chuo na wasaidizi wa Rais wangefaa kumweleza. Kilichofuata? Akaitwa yeye mbele ya kamati ya maadili. TAKUKURU baadaye wakafanya utafiti wao, Mlimani na Dodoma, wakakuta tatizo lipo. Mwaka uliofuata, 2019, BBC wakatoa filamu ya wahadhiri wa Lagos na Ghana walionaswa na kamera za siri, na hapa mtaani watu wakaitazama kwenye simu wakisema "jamani Wanigeria!", utadhani wameshasahau ya nyumbani kwa mwaka mmoja tu.

Angalia inavyofanya kazi. Getini binti alishindana na kompyuta, na kompyuta haimwombi mtu namba ya simu. Akishaingia ndani, alama arobaini katika mia ni za kazi za darasani, na nyingi ziko kwenye kalamu ya mtu mmoja. Mtahini wa nje akija anaangalia mitihani ya mwisho, haulizi kwa nini binti fulani wa mstari wa pili alipewa kumi na moja. Ikifika risachi, msimamizi asiposaini huhitimu, na hakuna wa kumuuliza kwa nini rasimu imelala kwake miezi minne. Sapu, keri, kudisko, yaani kurudia mtihani, kubeba somo mwaka unaofuata, kuondolewa chuo: maneno haya wanafunzi wanayatania, lakini kwa mtoto aliyeuziwa shamba la babu ili asome, ukimwambia "utakeri" umemshika koo.

Sheria ipo. Ile ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ilipotungwa mwaka 2007, kifungu cha 25 kilitaja kabisa kutumia mamlaka kudai ngono. Adhabu iliyoandikwa humo wakati huo: faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

"Milioni tano?" mama wa vitenge akasonya, wa kwake mrefu kuliko wa mwalimu. "Fremu yangu ya Mtaa wa Kongo inanila zaidi ya hiyo kabla ya Krismasi."

Mimi kwa upande wangu nina hasira ndogo na biashara nyingine inayofanyika mchana kweupe, ya kuandikiana risachi. Nenda mjini kwenye vibanda vya kuchapisha, msimu wa kuhitimu. Unaleta kichwa cha habari, unaondoka na kurasa themanini, dodoso limeshajazwa na wakazi wa kata ambayo mwandishi hajawahi kushuka hata kituo cha daladala. Mwandishi ni mhitimu wa miaka mitatu nyuma aliyekosa ajira. Huyo ndiye aliyesoma kweli, kasoma digrii kumi na mbili za watu. Nikifikiri sana namwonea huruma. Nikifikiri zaidi namhofia mhandisi aliyeandikiwa.

Mwalimu akarudi kwenye lake, vyeti. Aprili 28, 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki: watumishi zaidi ya laki nne wamepitiwa, 9,932 wana vyeti vya kughushi. Wakapewa hadi Mei 15 waondoke wenyewe. Manesi, walimu, madereva, makarani wa kijijini, wengine wamebakiza miaka miwili kustaafu. Kulikuwa na vyeti ambavyo kimoja kinatumiwa na watu wawili, mmoja halmashauri hii na mwingine ile. Mwaka 2022 Serikali ya Mama Samia ikaamua warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi. Sawa, ni jasho lao. Lakini vyeti karibu elfu kumi havikuota chini ya mwembe. Kuna aliyechapa, kuna aliyechonga mhuri, kuna ofisa ajira aliyepokea akaona herufi zimepinda akanyamaza. Kesi za hao umesikia ngapi?

"Na wakubwa walihakikiwa?" fundi saa akauliza, jibu analijua.

Uhakiki ule haukugusa viongozi wa kisiasa. Mawaziri, wabunge, wakuu wa mikoa na wilaya walikaa pembeni, na maelezo yake yalikuwa ya kisheria kabisa: Katiba, ibara ya 67, inamtaka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Basi. Dereva wa halmashauri aonyeshe cheti cha kidato cha nne, anayepitisha bajeti ya halmashauri asome gazeti.

Dogo wa simu alikuwa kimya muda mrefu, si kawaida yake.

"Mwalimu, rudia hapo. Kusoma na kuandika tu?"

"Na umri wa miaka ishirini na moja, na chama kikusimamishe."

"Mimi fomu foo nilipata ziro."

"Ziro haijatajwa."

"Na fomu shilingi ngapi?"

Muuza kahawa ndiye aliyejua. Mwaka 2025, ya ubunge wa CCM ilikuwa laki tano.

Dogo akapiga hesabu kwa vidole, akamwangalia mama wa vitenge. "Anti, kuna laki nne hujammalizia yule jamaa. Usimpe. Nipe mimi, nakosa moja tu."