Tuma na ya Kutolea

Saa kumi na moja alfajiri, mwanaume mzima akipita mbio Tabata amevaa kaptura, mlinzi wa getini anapata mawazo mawili tu: ama kaiba, ama kaibiwa. Mimi siku yangu ya kwanza ya mazoezi nilibahatika kuonekana nimeibiwa. Mlinzi wa nyumba ya kona alichomoka kibandani na rungu lake, akaniuliza, "Wameelekea wapi?" Sikuwa na pumzi ya kujibu. Nikanyoosha mkono mbele, nikimaanisha kwamba naenda zangu huko. Akaondoka. Na mabuti yake ya mvua, koti la baridi likipepea, yule mzee alinipita kama nimesimama, akaongoza msako wa mwizi asiyekuwepo kwa mita kama 200, mimi nyuma nikimfuata kwa heshima.

Tulipokutana kwenye jalala ikabidi niseme ukweli. "Shikamoo baba. Hakuna mwizi. Nafanya mazoezi ya marathoni. Nachangisha fedha."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kipara. "Unamchangisha nani, saa hizi?"

Chanzo cha yote ni chapati. Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025 tulifika kazini tukakuta Alphonce Simbu, kijana wa Singida, ameshinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo usiku ule wakati sisi tumelala. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Saa ya chai simu moja ilizungushwa meza nzima: Simbu na Mjerumani Amanal Petros wanaingia uwanjani, wanafukuzana hadi kwenye mstari, wote wanaandikiwa saa 2:09:48, na picha ndiyo inayoamua kwamba wetu ametangulia kwa sekunde 0.03. Kilometa 42 na ushei, halafu mnatofautiana kwa kitu kisichotosha hata kupepesa jicho! Sasa mtu akiona hayo huku anatafuna chapati ya pili, ulimi unakuwa mwepesi. Nikasema, "Jamani, kukimbia ni moyo tu. Hata mimi Februari naweza kwenda Moshi nikakimbia."

Hapo ingepita kama yanavyopita maneno ya saa ya chai, ila mezani alikuwepo dada wa uhasibu. Huyu ni mweka hazina wa kila kamati pale ofisini, iwe ya harusi au ya msiba. Ahadi ukiitamka mbele yake haifi, itakufuata hadi chooni. Na wiki ile alikuwa na jambo lake moyoni. Alikwenda kumwona mdogo wake aliyejifungua kwenye zahanati moja, akakuta magodoro ya wodi ya wazazi yamekwisha katikati, mzazi akilala anakunjika kama jongoo aliyeguswa. Akaweka kikombe chini, akafungua daftari. "Utakimbia nusu marathoni, kilometa 21.1. Tutachangisha kwa kila kilometa. Magodoro 12, shilingi 120,000 kila moja. Nimeshakuandika."

Kundi la WhatsApp lilikuwepo tayari, la kamati ya harusi iliyokuwa imekwisha mwezi uliopita. Tukalibadilisha jina tu. Ujumbe wa kwanza kuingia baada ya tangazo langu refu, nililolitunga kwa saa mbili, ulikuwa huu: "Hongereni sana. Bibi harusi ni nani?" Wa pili: "Single shilingi ngapi na double shilingi ngapi?" Mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani anaulizia magodoro. Nikajibu kwamba yote ni single, inchi sita, yana jalada la plastiki linalofutika. Hakurudi tena kundini. Nilisikia baadaye anauliza watu ni ukumbi gani huo unaokaribisha wageni kwenye magodoro.

Asikudanganye mtu kwamba sisi hatuchangi. Tunachanga mno. Mtu huyohuyo anayekuambia Januari imemkaba alitoa laki moja Desemba, kadi ya double, akaenda kula vipande viwili vya kuku na soda ya moto, akarudi nyumbani ameridhika. Lakini sisi tunamchangia mtu, hatulichangii jambo. Bwana harusi ana mjomba, ana shangazi, wote wanaangalia daftari nani katoa nini. Godoro halina shangazi wa kukununia.

Nilipoona kundi limepoa nikaamua kuwafuata ndugu mmoja mmoja kwa ujumbe mfupi. Niliandika kwa adabu kabisa: "Habari za siku. Ule mchango tuma kwenye namba hii, jina litakuja la…" halafu jina la mweka hazina. Kila Mtanzania mwenye simu ameshatumiwa na matapeli ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na mimi nilikuwa nimeunakili karibu neno kwa neno bila kujijua. Shangazi yangu wa Tanga, mwanamke wa swala tano ambaye sijawahi kumsikia akiinua sauti, alinijibu kwa maneno ambayo sikujua kama anayafahamu. Ya mwisho yalikuwa "tafuta kazi, mbwa wewe". Dakika mbili baadaye akanipigia simu mwenyewe, sauti ya upole: "Mwanangu, kuna mwizi anatumia namba yako. Nimemkomesha."

Baba Mdogo yeye aliamini kwamba ni mimi, ila alitaka hoja. Nikaona nimpelekee mfano wa maana. Nikamsimulia Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani, ambaye mwaka 1980 alikimbia na mguu wa bandia kwa siku 143, akamaliza kilometa 5,373 kabla ugonjwa haujamrudia, akiomba dola moja kwa kila Mkanada kwa ajili ya utafiti wa saratani. Na zikapatikana. Nilisimulia vizuri hadi mwenyewe nikalengwa na machozi. Upande wa pili kukawa kimya. Kisha Baba Mdogo akasema, "Sawa. Yule alikuwa na mguu mmoja. Wewe miguu yote miwili unayo, na gari unalo. Sisi tukuchangie kwa lipi?"

Akaahidi hata hivyo. Shilingi 1,000 kwa kilometa. "Na nitataka ushahidi."

Huku fedha zikichechemea, mazoezi nayo yalikuwa na visa vyake. Jumamosi nilikwenda Daraja la Tanzanite, ambako nusu ya Dar es Salaam huwa inakimbia alfajiri na nusu nyingine inajipiga picha. Pale kuna vikundi vya jogging vya mitaani, fulana za rangi moja, filimbi mbele, wanaimba mchakamchaka kama tulivyoimba shule ya msingi. Kikundi kimoja cha akina mama watu wazima kilinipita kikiimba. Kupitwa ni kawaida. Kupitwa na mtu ambaye anaimba, na kuimba kwenyewe anaitikia kibwagizo bila kukosa hata neno, hilo linakaa rohoni. Mmoja wao aligeuka akaniambia, "Pole baba, tangulia nyumbani kapumzike."

Lakini kilichoniumiza kuliko yote ni kupungua. Kufikia Desemba nilikuwa nimepoteza kilo tisa, nikijiona nimependeza. Mtaani kwetu mwanaume wa miaka 44 hapungui kilo tisa kwa heri. Muuza duka aliacha kunitania. Mama ntilie alianza kuniongezea mboga bila kuulizwa. Jirani mmoja, mtu wa maneno machache, alinivuta kando jioni moja, akanishika bega, akaniwekea noti ya 10,000 kiganjani na kukifunga kwa mikono yake miwili. "Siku hizi dawa zipo, na watu wanaishi miaka mingi. Usikate tamaa." Nikajaribu kumweleza habari ya magodoro. Akatikisa kichwa kwa huruma: kumbe mambo yamefika mpaka akilini. Ile noti nikaipeleka kwa mweka hazina. Akaniuliza aiandike kwenye safu gani. Mke wangu akasema, "Andika ubani wa mapema."

Raba zangu nilizinunua Karume, za mtumba, 35,000 baada ya kubishana nusu saa. Muuzaji aliapa kwamba zimetoka Marekani na zimekimbia marathoni. Kuhusu kukimbia alisema kweli tupu. Tatizo hakusema ngapi.

Basi nikafika Moshi. Asubuhi ya Jumapili, tumetokea uwanja wa Ushirika, mlima wenyewe uko wazi juu ya kichwa, theluji inang'aa, na mimi najisikia Simbu. Kosa langu nililigundua barabara ilipoanza kuelekea Mweka. Kilima kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa nimevipanda miezi mitano ile ni mgongo wa Daraja la Tanzanite. Njia ya Mweka inapanda, halafu ikishapanda, inapanda. Kona ikikupa matumaini, ng'ambo yake kuna mpando mwingine, na pembeni watoto wa shule wanakupigia makofi huku wanatembea, nao wanakwenda sambamba na wewe unayekimbia.

Karibu na mahali pa kugeuzia soli ya raba ya kulia ikaachama. Kwanza mbele tu, ikawa inapiga lami kama ndala ya bafuni, pa, pa, pa. Baadaye ikabaki imeshikwa na kisigino peke yake. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro.

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea lango lake akivuta sigara akaja. Nikamwamkia, akaitikia, akachuchumaa, akakishika kile kiatu kama fundi anavyoshika kuku wa kununua. Hakusema kitu. Akaingia migombani, akarudi na ganda kavu la mgomba, akalichana kwa kucha ya dole gumba vipande virefu, akavilowesha kwa maji ya chupa yangu, akavisokota pajani mwake hadi vikawa kamba. Akaizungusha mara tatu chini ya soli, mara mbili nyuma ya kifundo, akafunga fundo moja juu na kulikaza kwa meno. Wakati anafunga akaniuliza, "Unakimbilia nini na hali hii?"

Nikamweleza kwa kifupi. Wodi ya wazazi. Magodoro. Akasimama, akajipapasa mfuko wa shati, akatoa noti ya 2,000 iliyokunjwa mara nne. "Na mimi niandike."

Hakuuliza ushahidi, wala namba, wala bibi harusi. Nikasema aika, neno pekee la Kichaga nililonalo, nikaondoka mguu mmoja wa Marekani na mmoja wa mgomba.

Kuteremka nilitembea zaidi ya nilivyokimbia, nikichechemea kwa tahadhari nisiikate ile kamba. Na kwa kuchechemea kule nikapigiwa makofi ambayo hayakuwa yangu. Tangu mwaka 1968 kule Mexico, pale John Stephen Akhwari alipoanguka, akaumia goti, akaingia uwanjani wa mwisho kabisa zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, sisi Watanzania tunamheshimu mno mtu anayechechemea kwenye marathoni. Watu walisimama. Mama mmoja alifuta machozi. Sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba yeye aliumia goti, mimi nimeumia kiatu.

Nilimaliza kwa saa 3 na dakika 22. Waliokimbia kilometa 5 walikuwa wameshaoga, wako kwenye nyama choma.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Mweka hazina akanikumbusha kwamba kukimbia ni saa tatu tu, kudai ahadi ndiyo marathoni. Baba Mdogo alituma 21,000 na kuzuia 100 hadi nitakapothibitisha zile mita 100 za mwisho. Nimempelekea picha, nimempelekea medali, anasema medali wanauza Kariakoo. Shangazi wa Tanga ametuma 20,000, na chini yake ameandika "kama ni wewe kweli". Bosi, aliyeahidi mbele ya watu kwa sauti kubwa kuliko wote, siku hizi akimwona dada wa uhasibu kwenye korido anageuka na simu sikioni, nayo imezima.

Wengine wametuma, Mungu awabariki, ila wametuma 5,000 kamili bila ya kutolea, kana kwamba fedha ikiwa ya hisani wakala hakati. Anakata. Mweka hazina amelazimika kuchora safu mpya kwenye daftari, ameiandika "Makato", na ni safu ndefu kuliko anavyopenda.

Hesabu ilivyo leo ni hii. Zimeingia 1,125,000. Tumenunua magodoro 9, tumelipa kirikuu 40,000 kuyapeleka, na tulipoyashusha muuguzi wa zamu alilalia moja palepale kulijaribu, akasinzia. Zimebaki 5,000. Ndani yake imo ile noti iliyokunjwa mara nne, ambayo dada wa uhasibu amekataa kuitumia. Kwenye daftari ameandika: Mzee wa Mweka, 2,000, taslimu, amemaliza.

Magodoro matatu bado. Mlioahidi mnajijua, na kundi halijafungwa, mkitoka tunaona. Namba ni ileile, jina litakuja la mweka hazina. Na tafadhali, tuma na ya kutolea.