Ushindi wa Mezani

Wapo wanamichezo ambao adhabu huwafikia kwa njia ya kibofu, kama mkimbiaji Ruth Chepngetich wa Kenya, aliyefungiwa miaka 3 mwaka 2025 kwa dawa iliyokatazwa, na ambaye, baada ya kusema kwanza kwamba hana habari, alikumbuka kuwa alimeza dawa ya mtumishi wake wa nyumbani. Lubumbashi, mji wa shaba na wa watu wenye hadhi zao, haukuridhia fedheha ya mkojo. Klabu yake ya soka, TP Mazembe, mabingwa wa Afrika wa 2009 na 2010, waliofika hata fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter ya Milan, waliadhibiwa mwaka 2011 kwa maradhi yenye staha zaidi, yaani ya karatasi.

Simba wa Dar es Salaam, waliokwisha kufungwa na Mazembe ugenini na nyumbani, badala ya kuomboleza walishika kalamu, wakaishtakia CAF, shirikisho la soka la Afrika, kuwa beki wa Mazembe Janvier Besala Bokungu, aliyerejea kutoka Espérance ya Tunis, hakuwa na idhini halali ya kucheza. Na CAF, ikifika kwa taratibu wakati Mazembe wamekwisha kuwatoa na Wydad wa Casablanca pia, ikawafukuza mabingwa mashindanoni.

Hapo walioshindwa wawili wakaitwa Cairo wagombee kiti cha mshindi. Simba, mahodari wa mezani, wakafungwa 3–0 uwanjani. Wydad wakafika fainali, na kombe, subhana Allah, likachukuliwa na Espérance.