Sufuria ya Kamanda

Kwetu Kimara mbwa hufugwa awe mkali. Mwambie jirani kwamba mbwa wako anakutesa, atakumwagia dawa za kumwongezea ukali: mpe pilipili kichaa, mfungie bandani mchana kutwa, asizoeane na watoto. Dawa ya kumpoza hana, kwa sababu hajawahi kusikia mtu akiitafuta. Tulipoanza kuulizia chakula cha kumtuliza Kamanda, mzee mmoja wa mtaa wa pili alitutazama kwa huruma, akauliza kama bandani tumeshamwekea na pazia.

Mume wangu alimnunua kwa mtu aliyeapa kuwa baba wa mbwa huyu ni German Shepherd halisi. Huenda. Sikio moja lilisimama, la pili likakataa. Bodaboda ikipiga honi barabarani, Kamanda anaizunguka nyumba mbio, anaruka beseni la vyombo, anaangusha ndoo, kisha anaizunguka tena. Mleta gesi akigonga geti, anajikojolea huku anabweka. Ngurumo za masika zikianza, anajipenyeza uvunguni mwa gari na kutafuna chochote anachokikuta huko, nyaya zikiwemo. Usiku hulala kwa mafungu, na kila akiamka anahakikisha nasi tumeamka.

Shauri la chakula lililetwa na mama mkwe, ambaye alikuja kutoka Machame kutibiwa macho, macho yakapona, naye akaendelea kukaa. Mama haamini ugonjwa usioanzia tumboni. Hukumu yake ilikuwa kwamba nyama inamwasha mbwa damu. Apewe ugali mtupu na maji ya mboga mpaka damu ipoe.

"Mama, mbwa ni mla nyama," mume wangu akasema. "Kinachomtia wazimu ni huo ugali. Hiyo ni njaa."

"Mbwa wa marehemu baba yako alikula pumba, na hakuna mwizi aliyekanyaga kihamba chetu."

Mwanamume hashindani na marehemu baba yake, lakini anaweza kupitia buchani. Ijumaa moja alirudi na kiroba cha mapupu na bandama, akammwagia Kamanda mbichi vilevile, tena kwa sherehe, watoto wakiangalia. Sasa, mbwa aliyezoea ugali habadilishiwi chakula kwa siku moja. Tumbo lake linataka wiki nzima au zaidi, chakula kipya kikichanganywa kidogo kidogo na cha zamani. Usiku ule mvua ikanyesha, ngurumo zikamleta Kamanda ndani, na saa nane mapupu yakatoka yote, sebuleni, juu ya mkeka wa mama mkwe. Mama aliuviringisha mkeka bila neno, akautoa nje, akarudi na kusimama mbele ya mwanawe aliyeshika dekio.

"Sasa huyu ameshiba?"

Binti yetu mkubwa, aliye mwaka wa pili chuoni, huamua kila ugomvi wa nyumba hii kwa simu yake. Kesho yake alitusomea kwamba mwaka 2013 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba mbwa wa kufugwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Maelfu ya miaka ya kuokota makombo ya binadamu yamemgeuza tumbo. Mama mkwe akashukuru Mungu kwa elimu ya watoto wa kike. Lakini binti akaendelea: mwaka 2000, watafiti wa Marekani, wa Chuo Kikuu cha Tufts wakiwemo, walichapisha jaribio la mbwa 33. Waliwalisha protini nyingi, kisha kidogo, wakiwaongezea au kutowaongezea triptofani, ambayo ubongo huitumia kutengeneza serotonini, kemikali ya utulivu. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wenye mapepe kama Kamanda. Nafuu iliyoonekana ilikuwa kwenye ukali. Mapepe yalibaki palepale.

"Kwa hiyo," mume wangu akasema, "tumenunua mbwa wa lile kundi lisilo na dawa."

Nikaita daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki, begi mgongoni, akamkagua Kamanda fizi, akambonyeza tumbo, akaomba kinyesi cha siku hiyo kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Ndipo akatukalisha barazani na kutaka kila mmoja aseme anampa mbwa nini. Kilikuwa kikao cha ukoo. Dada wa kazi alimpa mabaki ya mchuzi, vitunguu na yote. Daktari akasema vitunguu, hata vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mwanangu wa mwisho alimgawia biskuti za chokoleti, nayo chokoleti kwa mbwa ni sumu. Mume wangu humletea mifupa ya kuku wa kuchoma kila akitoka kuangalia mpira. Mfupa uliopita motoni hupasuka ncha kali na kutoboa utumbo. Kila aliyekiri alimwangalia aliyetangulia kama ndiye mkosaji hasa.

"Na asubuhi anaanza na nini?" daktari akauliza.

"Asubuhi anakunywa chai," mama mkwe akajibu, kwa fahari ya mtu pekee aliyekuwa akimtunza mnyama ipasavyo.

Daktari akaomba aoneshwe. Mama akaingia jikoni, akarudi na birika na vikombe viwili. Ilikuwa chai ya rangi, nyeusi, ile anayoiacha jikoni mpaka majani yakate tamaa. Aliimimina kutoka kikombe hadi kikombe, mkono mmoja juu na mwingine chini, ipoe. Akakoroga sukari, akamegea andazi kwenye kifuniko cha ndoo ya rangi ambacho ndicho bakuli la Kamanda. Kabla hajamaliza, Kamanda alikwisha fika, miguu ya nyuma ikitetemeka, ute ukining'inia. Mama akamimina. Daktari akakisogeza kifuniko pembeni kwa mguu, taratibu.

"Mama, majani ya chai yana kafeini. Mbwa haihimili kama sisi. Kidogo humpandisha mapigo ya moyo na kumnyima usingizi. Nyingi humuua."

"Mimi nainywa tangu ujana na ninalala."

"Wewe si mbwa, mama."

Pakawa kimya hapo barazani, kila mtu akitafuta pa kutazama. Mama alikaa, akavuta kikombe chake mwenyewe, akanywa. Kisha akauliza kuhusu mahindi yaliyoota ukungu stoo, kama yale angalau yanamfaa. Daktari akasahau adabu, akapandisha sauti. Sumukuvu hiyo, akasema, ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa huiweza kwa tabu zaidi kuliko la mtu. Yatupwe yote.

Kinyesi kilionesha minyoo. Dawa ikatolewa, na lishe mpya ikaandikwa nyuma ya cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa: dona safi, dagaa wa Mwanza, mchicha au karoti, yai mara mojamoja. Mara mbili kwa siku, saa zilezile, apewe na mtu mmoja tu, na atembezwe kwanza. Dagaa wawe wa Mwanza kwa kuwa hukaushwa juani, wakati wa Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi. Huliwa wazima, hivyo mifupa yao humpa mbwa kalsiamu ambayo ugali hauna, na mafuta yao yana omega-3. "Lakini usitegemee dagaa watamlaza usingizi," daktari aliniambia akiwasha pikipiki. "Anaogopa. Mtembezeni."

Mtu mmoja akawa mama mkwe. Hakuna aliyethubutu kugombea nafasi hiyo. Huwapeta dagaa kwenye ungo, huwaosha mchanga maji matatu, huwachemsha mpaka harufu inafika kwa jirani, ndipo anasongea dona humohumo. Kamanda hukaa mbele yake anangoja. Hukaa kweli, makalio chini. Siwezi kusema ni dagaa, au ni minyoo iliyotoka, au ni chai iliyokatwa, au ni mume wangu anayemkokota hadi stendi na kurudi kila alfajiri, lakini usiku siku hizi tunalala. Ngurumo bado zinampeleka uvunguni mwa gari. Honi anaivumilia, ila ya bodaboda mmoja tu ndiyo wana ugomvi wao.

Dagaa, hata hivyo, wamepanda bei, na mama anataka wale wakubwa, weupe, wasio na mchanga. Jumapili iliyopita walifika wageni wa kanisani bila taarifa. Nilipoingia nikawakuta wanakula dagaa waliokaangwa kwa nyanya na pilipili hoho, wanasifu kwamba miaka mingi hawajala dagaa wasafi namna hii. Niliufungua mtungi wa Kamanda jikoni. Ulikuwa mtupu.

"Mama, mbwa atakula nini jioni?"

"Mpikie yai," akasema, akiwaongezea wageni. "Na wewe jifunze kununua dagaa kama hawa."