Namna ya Kupotea Istanbul Ukiwa na Kitabu Mkononi

Umepata likizo, umepata viza, na umeapa kusafiri peke yako: hakuna kampuni ya utalii, hakuna kijana wa kushika kibendera na kuhesabu vichwa. Hongera. Sasa tafuta kitabu cha mwongozo.

Najua simu unayo, na simu inajua njia zote za dunia. Ubaya wa simu ni kwamba kila mtu anayo. Ukiinamia simu uwanja wa ndege unaonekana unasubiri kurushiwa hela. Ukiinamia kitabu kinene, jirani yako wa kiti atakuuliza unakwenda wapi, nawe utamjibu kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na ulimwengu: "Istanbul. Natembeatembea tu." Hapo umeshakula nusu ya faida ya safari, na ndege haijaruka.

Elimu hii niliipata bure, barazani kwetu Mji Mkongwe, Unguja. Kila alasiri watalii walipita wameinamisha shingo kitabuni, wakiipita milango ya nakshi bila kuiona, kwa kuwa ukurasa waliofungua ulikuwa wa mlango mwingine. Mmoja alizunguka mtaa wetu mara tatu akitafuta mkahawa ambao kitabu chake kilisema wageni hawaujui. Mara ya nne alikutana na wageni wenzake wanautafuta huohuo. Tulicheka sana. Sikujua kwamba nilikuwa darasani.

1. Chagua kwa unene

Kitabu kisichozidi kurasa mia tatu ni kijitabu, na vijitabu ni vya watu wa semina. Chako kitokeze mfukoni mwa begi, kiuvute mkanda upande mmoja, utembee umeinama kidogo kama mtu mwenye mengi kichwani.

Kitakuwa cha Kiingereza, na kimeandikwa kwa ajili ya kijana wa Manchester. Kwa hiyo kitakueleza, kwa upole mkubwa, namna ya kuchuchumaa chooni. Kitakuonya usinywe maji ya bomba. Kitakufundisha kwamba bei ya kwanza ya muuza zulia si bei yenyewe, kwamba viatu huvuliwa mlangoni mwa msikiti, na kwamba alfajiri adhana inaweza kukuamsha. Ruka kurasa hizo zote. Wewe ulishafuzu ukiwa na miaka sita. Hii ndiyo siri ya kumaliza kitabu kizima kabla ya chakula cha ndegeni.

2. Usifungue ukurasa wa kwenu

Watu waangalifu hupima kitabu hivi: dukani hufungua toleo la nchi yao, husoma habari za mtaa wao, kisha huamua kama mchapishaji ni mkweli. Usithubutu. Ukishaona walivyoiandika Forodhani, hutaamini tena neno lao juu ya Istanbul, na utarudi nyumbani mikono mitupu.

Hali hii ni ya kale. Zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, ule uitwao Periplus. Pwani yetu imo, na soko la Rhapta limo. Anasema wenyeji ni watu wa maumbo makubwa, anaorodhesha bidhaa wanazozitaka, mikuki na mashoka na vioo, halafu anashauri kwamba sehemu nyingine ubebe divai kidogo na ngano, si za kuuza, ila za kuwalainisha wenyeji. Yaani kitabu cha kwanza kabisa kutueleza kwa wageni kilishaandika kwamba huku lazima utoe chai. Sina hakika tuliwahi kupata mwongozo mkweli zaidi ya huo, lakini naomba usiwaonyeshe wageni.

3. Nunua cha zamani

Kitabu kipya ni ghali na kinakuumbua: mgongo haujavunjika, kurasa zinang'aa, kila mtu anajua umefika leo. Nenda Posta, kwa wale wanaotandaza vitabu chini, utafute kilichokwisha kukunjwa kona na kumwagiwa chai na mtu mwingine. Tajriba ya miaka kumi kwa bei ya chipsi kuku.

Zingatia kwamba dunia haikukisubiri. Changu kilinielekeza kutoka uwanja wa ndege wa Atatürk hadi mjini, kituo baada ya kituo, kwa ufasaha. Lakini ndege za abiria zilihamishiwa uwanja mpya Aprili 2019, kaskazini huko, mbali kabisa na ule wa zamani. Nilisimama ukumbini dakika arobaini nikitafuta treni iliyokuwa upande mwingine wa jiji. Na kama utaangukia toleo la kabla ya mwaka 2005, jiandae zaidi: mwaka huo Waturuki waliiondolea lira yao sifuri sita. Utaingia hotelini ukiamini kwamba chumba ni mamilioni, na ukitajiwa elfu mbili utashukuru na kulipa hapohapo bila kupatana. Huu, kwa kweli, ni ushinde ulio safi kuliko wote, kwa kuwa unashindwa huku umefurahi.

4. Usikisome, kariri

Utahitaji miaka minne tu. Ayasofya ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa. Mwaka 1453 ikawa msikiti. Mwaka 1935 ikafunguliwa kama makumbusho. Mwaka 2020 ikarudi kuwa msikiti. Simama mbele yake, mikono nyuma, uitamke yote minne kwa mpigo. Hakuna atakayekuuliza la tano. Akitokea, tazama juu kwenye kuba, vuta pumzi, useme, "Wacha tu."

Ukiona haya kwa uvivu wako, nikupe dawa. Mwaka 2008 mmoja wa waandishi wa Lonely Planet alieleza kwamba alipoandikia kitabu cha Kolombia hakufika Kolombia. Alikuwa San Francisco. Kampuni ilijitetea kwamba alipewa sehemu ya historia tu, na historia haihitaji mtu apande ndege. Basi, mwandishi mwenyewe hakwenda. Wewe umekwenda. Unataka na kusoma tena?

5. Fuata nyota, kisha zikane

Nyota za kupendekeza mahali zilipata umaarufu kwa vitabu vyekundu vya Mjerumani Karl Baedeker, karne ya 19. Fuata zote, lakini ukiulizwa sema hufuati. Ukikuta foleni imejaa watu wenye kitabu kama chako, kigeuze jalada likutazame wewe.

Kwa nyota, hata hivyo, usiwaonee wivu wenyeji. Mwaka 1942 ndege za Ujerumani zilipiga Exeter, Bath, Norwich, York na Canterbury, na Waingereza waliyaita mashambulizi hayo kwa jina la Baedeker, kwa sababu msemaji mmoja wa Kijerumani alitamba kwamba watalenga kila jengo lenye nyota kitabuni. Kuna miji inayotamani kutotajwa.

6. Ukurasa wa lugha

Nyuma ya kitabu kuna ukurasa wa maneno ya lazima, na hapa Mswahili hupatwa na jambo ambalo kijana wa Manchester hataliota. Utasoma kwamba "çay" ni chai, "kitap" ni kitabu, "sabun" ni sabuni, "hesap" ni hesabu ya kulipa, na dakika ni "dakika", herufi kwa herufi. Utajiona una kipaji. Usimwambie mtu kwamba maneno hayo sisi na wao tumeyaokota njia moja; sema umejifunza Kituruki wiki mbili.

Mtego uko kwenye salamu. Wao husema "merhaba". Asubuhi ya kwanza kijana wa mapokezi, hajafika hata miaka ishirini, alinikazia macho akasema, "Merhaba!" Nikaduwaa. Shikamoo sijatoa, mvulana ameshaitikia. Siku tatu nzima nilitembea Istanbul nikiitikiwa na wauza mahindi, makondakta na watoto wa shule kama vile nimewaamkia wote.

7. Tapeliwa kwa mujibu wa kitabu

Kila mwongozo una kisanduku cha kuonya juu ya matapeli. Cha Istanbul huwa kinamtaja mpiga kiwi: anapita mbele yako na kisanduku chake, brashi inadondoka, unamwokotea, anakushukuru mno na kukupiga kiwi "bure", kisha anaanza habari za mtoto mgonjwa na mkono wake unabaki wazi.

Nilikisoma kisanduku hicho ndegeni. Nilikipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Siku ya pili, karibu na daraja la Galata, brashi ikadondoka. Nikaiokota, maana nimelelewa. Naapa nilikuwa nimevaa makubadhi. Yule bwana aliyatazama, akafikiri kidogo kama fundi anayetazama gari geni, kisha akapiga magoti akaanza kuyapiga kiwi, kanda kwa kanda, na kidole changu kikubwa cha mguu akakigusa kidogo pembeni. Nikatoa noti mbili za lira mia.

Faida ya kitabu ni hii: asiye nacho hutapeliwa. Mwenye nacho hushuhudia mila.

8. Potea

Soko kuu, Kapalıçarşı, lina maduka yapatayo 4,000 na vichochoro zaidi ya 60, na Jumapili hufungwa. Kwa hiyo nenda Jumapili kwanza. Siku nyingine rudi, ingia kwa lango moja, toka kwa jingine, shika ramani juu chini. Mimi nilitokea upande wa magharibi nikateremka na kuteremka mpaka mabango yakageuka kuwa ya Kirusi, madirisha yakajaa masanamu yaliyovaa jinzi, na wapagazi wakaanza kupiga kelele nyuma yangu wakisukuma marobota yaliyofungwa kwa utepe wa gundi. Hapo ni Laleli. Kitabu changu kiliipa Laleli mstari mmoja, nao ulisema pana hoteli za bei nafuu.

Nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, niko wapi?"

"Uko Laleli, kaka," ikajibu sauti. Dada mmoja alikuwa amekaa juu ya robota, anahesabu suruali za watoto. "Umepotea?"

"Shikamoo, dada. Hapana, natembeatembea tu."

"Marahaba." Ya kwanza ya halali tangu nishuke. "Na hilo tofali?"

"Kitabu cha njia."

"Kinasemaje hapa?"

"Kinasema hapana cha kuona."

Alitazama mtaa juu, akautazama chini, akacheka mpaka idadi ikampotea, akaanza kuhesabu suruali upya. Alikuwa wa Kariakoo, na hii ilikuwa safari yake ya kumi na tisa. Alijua duka lipi linapunguza bei baada ya saa kumi jioni, kargo ipi haipotezi mzigo, na tramu gani nipande. Kitabu hajawahi kukishika. Akanipeleka kwenye mgahawa wa kuonyesha kwa kidole, wanauita "lokanta", tukaletewa maharage meupe ya mchuzi na kile wanachokiita "pilav". Wali maharage, ndugu yangu. Saa saba angani, wali maharage.

Sasa sikiliza kwa makini. Ukirudi, huo ni "mgahawa mdogo niliougundua mwenyewe, wenyeji tupu". Dada wa Kariakoo hayumo kwenye hadithi. Usimtaje hata ukibanwa.

9. Rudi

Siku ya kuondoka tulikutana tena, kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Mzigo wake umezidi kilo mbili, wangu una nafasi kidogo. Kitabu, sehemu ya usalama, kinaonya kwa herufi nzito usibebe mzigo wa mtu mwingine. "Toa hilo tofali," akasema dada. Nikalitoa. Zikaingia suruali kumi na mbili, nikazikagua moja moja, mifuko na pindo, naye akanisubiri bila kununa.

Kwa hiyo kilichopo rafuni kwangu leo si kile nilichokwenda nacho. Hiki nimekinunua Posta wiki ileile niliyorudi. Kina doa la chai kwenye ukurasa wa Ayasofya, na pembeni mtu ameandika kwa penseli, "usiende Jumatatu". Wageni wakikishika, nawaambia huo ni mwandiko wangu.