Fukusi wa Shangazi na Deki ya Baba

Ugomvi ulianzia kwenye ungo. Shangazi alituletea nyumbani Tanga gunia la mchele kutoka Mombo, na kabla halijatimiza wiki mbili stoo, bibi akawa anapeta akaona fukusi wanatembea. Shangazi alipoambiwa alijibu kwamba mchele wake ulitoka mashineni ukiwa safi, wadudu ni wa stoo yetu. Bibi hulala baada ya kuifagia stoo ile kila siku ya Mungu. Maneno yale yalimkaa kooni.

Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, akaapa kumsafisha bibi kwa picha. Tatizo ni kwamba fukusi ana milimita mbili tatu tu, na simu ukiisogeza karibu hivyo inaonyesha ukungu mtupu. Lenzi za kazi hiyo zipo madukani, lakini ya kamera kubwa bei yake inanunua magunia kadhaa. Alianza na tone la maji juu ya kioo cha kamera ya simu. Maji yaliyovimba hupinda mwanga na kukuza kweli, ila mkono ukitetemeka kidogo tone linakimbia. Akaazima miwani ya bibi ya kusomea. Ikakuza kidogo, haikutosha.

Ndipo akaikumbuka deki ya baba, iliyoacha kusoma diski tangu zamani na kukaa juu ya kabati ikimsubiri fundi. Baba alirudi kutoka msikitini akakuta matumbo ya deki yako mkekani na skrubu kwenye kisosi. Alifoka mpaka jirani akachungulia. Lakini kijana alikuwa ameichomoa kwenye umeme kwanza, jambo ambalo si la kupuuza, na alichotaka kilikuwa kimoja: kile kijilenzi kinachokusanya mwanga wa leza juu ya diski. Akakitega katikati ya kibanio cha nywele, akakibandika kwa selotepu mbele ya kamera.

Nilimwambia baba kwamba kazi hii ina wazee wake. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Kwa kijilenzi kimoja kidogo alichokitengeneza mwenyewe aliona viumbe ambavyo jicho la mtu halikuwahi kuviona, na kuanzia mwaka 1673 akawa anawaandikia wataalamu wa London. Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliposikia habari ya vitambaa akatetea deki ifunguliwe yote.

Lenzi ya namna hii inataka kitu kiwe milimita chache tu mbele yake, na sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba mno. Simu ikalazwa juu ya marundo mawili ya vitabu, punje ikawekwa chini yake juu ya daftari, na kila picha ilipokuwa na ukungu tukaongeza karatasi moja chini ya punje. Mwanga ulitoka kwenye tochi, ukipitishwa ubavuni kupitia karatasi nyeupe ili usimetemete. Kwa maoni yangu, mwanga ule ulifanya kazi kubwa kuliko lenzi.

Fukusi hawakukubali kutulia. Tukawatia kikombeni, tukafunika kitambaa, tukaweka kwenye friji, maana baridi huwalegeza. Usiku baba akatafuta maji ya kunywa, akakitoa kikombe na kukiacha wazi mezani, karibu na sare nyeupe za harusi alizokuwa anashona mama. Alfajiri tuliamshwa na ukelele. Walikuwa wamepata joto na kutawanyika kwenye pindo, kwenye mikono, hadi ndani ya kopo la vifungo. Tuliwaokota mmoja mmoja mpaka chai ikapoa.

Waliobaki walitupa picha. Fukusi mwenye mdomo mrefu kama mkonga, na madoa manne ya rangi ya kahawia-nyekundu mgongoni. Halafu picha iliyomwokoa bibi: punje yenye tundu, na fukusi mchanga akitoa kichwa kutoka ndani. Jike hutoboa punje, hutaga humo na kuziba. Kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua kama mwezi hata kwenye joto letu. Kwa hiyo waliingia Tanga wakiwa ndani ya mchele.

Shangazi aliishika simu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akamwita bibi kwa jina la utotoni na kumwomba radhi mbele yetu. Kisha akavua baibui, akaliburuta gunia uani na kuuanika mchele juani mwenyewe, huku akimwagiza kijana ampigie picha hata kunde zake zilizotoboka.